KAMBARAGE: JINA LA MVUA LILILOBAKI HERUFI MOJA

Na Mwandishi Wetu

Ndugu msomaji, jina la Julius K. Nyerere umelisoma mara nyingi kiasi kwamba huenda hulisomi tena; macho yako hupita juu yake kama mguu upitavyo juu ya kizingiti cha nyumba uliyoizoea. Julius unalijua, kwa kuwa akina Julius wamo katika kila mtaa. Nyerere unalijua, kwa kuwa ndilo jina la Baba wa Taifa. Lakini ile K iliyojibana katikati, kama mtoto aliyelala baina ya wazazi wake, umewahi kuiuliza habari zake?

Herufi hiyo si pambo. Ni jina kamili, Kambarage, nalo ndilo jina ambalo Mwalimu aliitwa na mama yake, na ndugu zake, na walimu wake wa kwanza, kwa muda wa miaka 21 kabla hajabatizwa jina la Julius. Ni jina lenye maana, lenye asili na lenye historia. Na hata hivyo, ukifungua rejista ya darasa la kwanza katika shule yoyote ya mjini leo, huenda ukazimaliza kurasa zote pasipo kulikuta hata mara moja. Je, limetoka wapi jina hili, lina maana gani, na kwa nini taifa zima linalimheshimu mwenye jina limeona haya kuwapa watoto wake jina lenyewe?

UGOMVI WA JINA

Sikulichunguza jina hili kwa sababu ya sikukuu wala kumbukumbu yoyote. Nililichunguza kwa sababu ya ugomvi wa jirani yangu na mkewe.

Jirani huyo ni fundi wa mashine katika kiwanda kimoja cha nguo hapa Dar es Salaam. Baba yake ni mkulima, anaishi kijijini mkoani Mara, si mbali sana na Butiama. Mkewe ni mzaliwa wa Muheza, mshonaji mwenye cherehani yake barazani, na hana kawaida ya kunyamaza anapokuwa na hoja.

Masika ya mwaka jana, usiku wa manane, uchungu ulimshika mama huyo wakati mvua ikimwagika kana kwamba mbingu zimetobolewa. Mfereji wa mtaa ulikuwa umefurika, bajaji ikakataa kuingia. Vijana watatu walimbeba juu ya kiti hadi barabara ya lami, nami nikifuata nyuma na mwavuli usiokuwa na faida yoyote. Alfajiri alijifungua salama mtoto wa kiume. Kabla ya saa nne asubuhi habari zilikuwa zimefika Mara kwa simu, na jibu la mzee likarudi kwa maneno mawili: "Mwiteni Kambarage."

Hapo ndipo furaha ilipoingia doa. Mama mtoto alikuwa na jina lake tayari, alilolichagua tangu mimba ilipokuwa ya miezi mitano, mojawapo ya yale majina ya siku hizi ambayo ukiliita mara moja kiwanjani hugeuka watoto wanne. Alimwambia mumewe kwamba jina la mzee hatalikubali, akatoa sababu tatu. Kwanza, alikuwa amesikia kuwa Kambarage ni mzimu, nao ni watu waliobatizwa. Pili, jina hilo ni zito mno kwa mabega ya mtoto. "Kila akishindwa hesabu," alisema, "mwalimu atamwambia: Na wewe ni Kambarage gani?" Tatu, hakuna mtoto mtaani anayeitwa hivyo, wenzake watamcheka, na makarani watalikosea.

Naye mume alikuwa na sababu moja tu. "Baba yangu hajapata kuniomba kitu," aliniambia siku moja tulipokuwa tukirudi kazini. "Fedha hajaomba. Hata akiugua, mimi huambiwa na majirani. Sasa ameomba jina."

Juma la kwanza likapita, la pili, la tatu. Mtoto akawa anaitwa "Mgeni" tu. Simu za Mara zikawa hazipokelewi mke anapokuwa peke yake. Jioni moja walikuja wote wawili kwangu, mtoto akiwa mgongoni, na yule mama akaniambia: "Shemeji, wewe ni mtu wa gazeti. Tueleze jina hili ni kitu gani, tujue tunachogombania."

Nikaahidi kulitafuta. Niliyoyapata ndiyo haya.

MTOTO WA BUTIAMA

Butiama ipo mkoani Mara, mashariki ya Ziwa Victoria, katika nchi ya Wazanaki, mojawapo ya makabila madogo kati ya makabila zaidi ya 120 ya Tanzania. Huko, tarehe 13 Aprili, 1922, Mgaya wa Nyang'ombe, mke wa tano wa Mtemi Nyerere Burito, alijifungua mtoto wa kiume. Kila mkulima anajua Aprili ni mwezi wa nini. Inasimuliwa kwamba siku hiyo mvua ilikuwa ikinyesha kwa nguvu.

Jina la kwanza alilopewa mtoto huyo halikuwa Kambarage. Aliitwa Mugendi, ambalo kwa Kizanaki lina maana ya mwendaji, mtu wa kutembea. Msikilizaji wa Kiswahili atalitambua mara moja, kwa kuwa ile "genda" ya Kizanaki na "enda" yetu ni watoto wa tumbo moja. Lakini jina hilo halikukaa. Kwa ushauri wa mtabiri, ambaye kwa Kizanaki huitwa omugabhu, lilibadilishwa, na mtoto akaitwa Kambarage.

Sasa, Kambarage ni nani? Kambarage, kwa imani ya wazee wa Kizanaki, ni pepo wa mvua, tena ni pepo wa kike. Mtoto wa kiume, basi, alipewa jina la mwanamke. Jambo hilo litamshangaza msomaji aliyezoea majina ya vitabu vya dini, ambamo Yusufu ni mwanamume na Mariamu ni mwanamke na mpaka hauvukwi. Lakini katika lugha zetu nyingi za Kibantu jina la mtu halina budi kueleza jambo, si jinsia. Hata Kiswahili chetu husema "yeye" pasipo kuuliza kama ni mume au mke.

Utaratibu huu wa kubadili jina haukuwa wa ajabu. Katika makabila mengi ya Kanda ya Ziwa iliaminika kwamba mtoto mchanga anayelia pasipo kukoma huenda analilia jina. Kwamba yupo babu au bibi aliyekwisha kufariki anayetaka kukumbukwa. Wazee waliyataja majina mmoja mmoja, na lile ambalo mtoto alinyamaza likitajwa, ndilo likawa lake. Jina, kwa watu hao, halikuwa kitu cha kuchaguliwa kwa sababu linapendeza masikioni. Lilikuwa mazungumzo baina ya waliopo na waliotangulia.

Hata jina la Nyerere lina kisa chake. Baba yake Mwalimu alizaliwa karibu na mwaka 1860, wakati nchi ilipovamiwa na viwavi, na "nyerere" kwa Kizanaki ndio viwavi hao. Hebu litafakari jambo hili, msomaji: baba amebeba kumbukumbu ya mwaka wa wadudu na njaa, mwana amebeba kumbukumbu ya siku ya mvua. Mahali pasipokuwa na kalenda ukutani, majina ndiyo yaliyokuwa kalenda.

MVUA NA NDUGU ZAKE

Wazanaki si peke yao waliotia mvua katika majina ya watoto. Tembea Afrika Mashariki yote utaikuta. Kwa Wajaluo, mtoto wa kiume aliyezaliwa wakati wa mvua ni Okoth na wa kike ni Akoth. Kwa Wakalenjin ni Kiprop na Cherop. Kwa Waluhya ni Wafula na Nafula, watoto wa majira ya mvua. Kwa Wakamba ni Wambua na Mumbua. Kwa Wasukuma yupo Mabula, na mkoani Mara kwenyewe jina la Wambura limezagaa kila kijiji.

Ukiyatega sikio majina haya machache ya mwisho utagundua jambo la kufurahisha. Mbula ya Kisukuma, mbura ya Kikuyu, mbua ya Kikamba na mvua yetu ya Kiswahili ni neno moja lililosafiri njia mbalimbali na kupauka kila moja kwa jua la kwao. Mfanyakazi wa Dar es Salaam anayekaa benchi moja na Mabula wa Mwanza na Wambura wa Tarime hana habari kwamba wenzake wote wawili wanaitwa Mvua.

Lakini ipo tofauti, na hapo ndipo upekee wa Kambarage ulipo. Okoth, Wafula na Mabula ni majina ya mvua yenyewe, au ya majira yake. Yanasema: mtoto huyu alizaliwa mvua inanyesha. Kambarage si jina la mvua. Ni jina la mwenye mvua. Kumwita mtoto hivyo kulikuwa ni kumtaja yule ambaye wakulima humwelekea mawingu yanapokawia. Na ukumbuke kwamba katika nchi za ziwa mvua ilikuwa jambo la utawala pia. Usukumani mtemi alitarajiwa kuhakikisha kwamba mvua inapatikana, na ukame ukizidi, heshima yake ilipungua. Mtoto wa mtemi kupewa jina la pepo wa mvua halikuwa jambo dogo.

MIAKA 21 BILA JULIUS

Wengi wetu hudhani kwamba Julius ndilo jina la asili na Kambarage ni la kuongezea. Ukweli ni kinyume chake.

Mwaka 1934 mtoto mmoja wa miaka 12 aliondoka Butiama kwenda kuanza shule Mwisenge, mjini Musoma, zaidi ya kilometa 30 kutoka kwao. Mtoto huyo hakuitwa Julius, aliitwa Kambarage. Aliyeingia shule ya sekondari ya serikali Tabora mwaka 1937 alikuwa Kambarage. Aliyeanza masomo Makerere mwaka 1943 alikuwa bado Kambarage. Ni tarehe 23 Desemba, 1943, baada ya baba yake kufariki mwaka 1942, ndipo alipobatizwa na kupokea jina la Julius. Alikuwa mtu mzima wa miaka 21.

Julius ni jina la Kirumi, la ukoo wa yule Kaizari mashuhuri. Yaonekana mwenyewe hakulisahau jambo hilo, kwa kuwa mwaka 1963, akiwa Rais, alichapisha tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare unaomhusu Kaizari huyo huyo. Hakulikataa jina la ubatizo, wala hakulitupa la nyumbani. Aliyaweka mawili pamoja, la kwanza kwa urefu, la pili kwa herufi moja. Na watoto wake nao aliwapa hivyo hivyo, la kanisani na la nyumbani: Andrew Burito, Charles Makongoro, Godfrey Madaraka.

Si viongozi wote wa Afrika waliofuata njia hiyo. Kwame Nkrumah wa Ghana alibatizwa Francis, lakini dunia ilimfahamu kwa Kwame, yaani aliyezaliwa Jumamosi. Mobutu wa Zaire, mwaka 1972, alilitupa jina lake la Kikristo na kuwaamuru raia wake wote wafanye vivyo hivyo. Kenneth Kaunda wa Zambia, mtoto wa nane wa wazazi wake, aliitwa nyumbani Buchizya, yaani asiyetarajiwa. Na Mandela wa Afrika Kusini alizaliwa Rolihlahla. Nelson alipewa na mwalimu wake siku ya kwanza ya shule. Utaona, msomaji, kwamba kizazi kile chote kilikwenda shuleni na jina moja kikarudi na jingine. Tofauti ilikuwa kila mmoja alilifanyia nini lile alilotoka nalo nyumbani.

KWA NINI LIMEKUWA ADIMU?

Baada ya Uhuru wa tarehe 9 Desemba, 1961, na hata miaka mingi baadaye, wazazi walionesha mapenzi yao kwa kuwaita watoto Julius, na wengine Nyerere. Kambarage likabaki jina la wachache, zaidi huko huko Mara. Ukitaka kulikuta mijini, ni rahisi zaidi kulikuta ukutani kuliko kwenye kitanda cha mtoto. Shinyanga upo uwanja wa mpira wa Kambarage. Dodoma lipo jengo la ghorofa la Kambarage. Zipo shule za Kambarage. Tumewapa saruji jina ambalo tumewanyima wanetu.

Tena hata katika mambo makubwa ya taifa, mara nyingi jina la mvua limeachwa nje. Uwanja wa ndege wa Dar es Salaam ni wa Julius Nyerere. Na lile bwawa kubwa la Mto Rufiji, lililobuniwa kuzalisha megawati 2,115 za umeme na kuanza kuingiza umeme katika gridi mwaka 2024, ni Bwawa la Julius Nyerere. Mitambo yake haizunguki pasipo mvua, lakini juu yake limeandikwa jina la Mrumi!

Sababu za uadimu huu ni nyingi, nazo zinashikana.

Ya kwanza ni kasumba ya kikoloni. Kwa miaka mingi mtoto hakuweza kupita kisimani wala shuleni pasipo kuambiwa jina lake la nyumbani ni la kishenzi. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917 iliwaagiza mapadre wahakikishe mbatizwa anapewa jina la Kikristo, na wazazi wakishindwa, padre aongeze mwenyewe jina la mtakatifu. Sheria hiyo imekwisha kubadilishwa. Ile ya mwaka 1983 inataka tu wazazi, wasimamizi na paroko waangalie lisitolewe jina lisilopatana na moyo wa Kikristo. Lakini sheria ikibadilika leo, mazoea hubadilika baada ya vizazi viwili.

Ya pili ni hofu ya mzimu, ile ile ya mama mtoto wetu. Hofu hii naiheshimu, kwa kuwa ni ya dhamiri. Hata hivyo, yafaa ikumbukwe kwamba mwenye jina hili aliyejulikana kuliko wote alikuwa Mkatoliki wa kusali kila siku. Mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilifungua mchakato wa kumwombea atangazwe mwenye heri, naye sasa huitwa Mtumishi wa Mungu. Mchakato huo ukifika mwisho wake, basi Kambarage nalo litakuwa limebebwa na mtakatifu, na katekista hatakuwa na la kusema.

Ya tatu ni heshima yenyewe. Sisi hatukumwita Mwalimu kwa jina. Tulimwita Mwalimu, kazi aliyoifanya Tabora na baadaye Pugu, hadi alipoiacha mwaka 1955 kwa ajili ya siasa. Tulimwita Baba wa Taifa. Jina ambalo halitamkwi huwa kama kisu kilichowekwa alani: hakipotei, lakini hakuna anayekumbuka kukitumia.

Na ya nne ni mtindo. Mjini jina husafiri kwa macho na masikio, kutoka kwenye televisheni, kwenye mpira wa Ulaya, kwenye simu. Mzazi akilisikia jina mara kumi huona ni zuri. Asipolisikia kabisa huona ni la ajabu. Hivyo jina adimu huzidi kuwa adimu.

Kabla sijaliacha jambo hili, nirudi kidogo kwa lile jina la kwanza, Mugendi, ambalo mtabiri aliliondoa. Oktoba 1967, katika mwaka wa Azimio la Arusha, vijana nchini kote walikuwa wakitembea kwa miguu kuliunga mkono Azimio. Rais naye akatoka kwao Butiama na kutembea hadi Mwanza, kiasi cha kilometa 220, kwa muda wa siku nane. Mwendaji alikuwa bado yumo ndani ya Kambarage.

SIMU YA MARA

Haya yote niliwasimulia jirani yangu na mkewe jioni moja barazani kwao, cherehani ikiwa imefunikwa kwa kanga na mtoto akinyonya. Mama alisikiliza hadi mwisho. Habari ya katekista ilimchekesha. Habari ya pepo wa kike ilimfikirisha.

"Kumbe mvua ni mama," alisema. Kisha akakaza uso. "Hilo la mzimu nimelielewa, shemeji. Lakini uzito wa jina haujapungua. Umeuongeza. Mtu aliyetembea siku nane, aliyetafsiri Shakespeare, anayeombewa utakatifu! Mwanangu mie atayaweza wapi hayo? Mzee anamtaka mjukuu au anataka sanamu?"

Mumewe hakuwa na jibu, nami sikuwa nalo. Nilikuwa nimekusanya tarehe zote isipokuwa kumwuliza mtu mmoja aliyelitoa jina.

Basi yule mama, ambaye kwa majuma kadhaa hakuwa amepokea simu ya mkwewe, akaichukua simu ya mumewe na kupiga mwenyewe. Alimwamkia kwa adabu, "Shikamoo baba," akaomba radhi kwa kimya chake, kisha akauliza moja kwa moja: "Baba, umetaka mtoto aitwe Kambarage ili awe kama Mwalimu?"

Simu ilikuwa imewekwa sauti, sote tukasikia. Mzee alikaa kimya kidogo, kama mtu ambaye swali limemjia kutoka upande asioutazama. Akasema hakuwa amemfikiria Mwalimu hata kidogo. Mwaka ule mvua zilikuwa zimechelewa kwao. Mtama alioupanda mara ya kwanza ulikuwa umekaukia ardhini, akapanda mara ya pili kwa mbegu za kukopa. Usiku ule ule mvua ilipomwagika Dar es Salaam, na kwao ilinyesha. Alikuwa amekaa mlangoni akiisikiliza, na kulipokucha simu ikalia kwamba amepata mjukuu. "Ningemwita nani tena?" aliuliza.

Mama mtoto hakusema kitu kwa muda. Kisha akauliza: "Na mtama umeota?"

"Umeota," mzee akajibu. "Umefika magotini."

SI L, NI R

Sheria yetu inataka kuzaliwa kwa mtoto kuandikishwe ndani ya siku 90. Walikwenda siku ya 80 na kitu, nami nikawasindikiza kwa kuwa nilikuwa na shughuli upande huo wa mji. Walikuwa wamekwisha kukubaliana. Jina la ubatizo angelichagua mama, na amelichagua, ingawa si lile la watoto wanne kiwanjani. La nyumbani ni Kambarage. Na mama alikuwa ameweka sharti moja, ambalo mumewe na mkwewe wamelikubali: mtoto huyu, kwa kosa lolote atakalofanya, asiambiwe kamwe kwamba hafanani na jina lake. Ataambiwa alizaliwa usiku gani na mtama wa babu yake uliota vipi. Habari za Mwalimu atazisoma shuleni kama watoto wengine.

Ndugu msomaji, huenda nawe una mtoto njiani, na huenda pana mzee mahali fulani, Newala au Kasulu, Bukoba au Pemba, ambaye anangoja kuulizwa. Sikushauri uchukue jina usilolipenda. Wala sisemi majina ya vitabu au ya kigeni ni mabaya. Kambarage mwenyewe alilibeba la Kirumi maisha yake yote, hadi alipofariki London tarehe 14 Oktoba, 1999, na kurudishwa kuzikwa Mwitongo, Butiama. Nasema tu kwamba kabla ya kulikataa jina la nyumbani, piga simu uulize limetoka wapi. Waliokuwa wakiweza kujibu wanapungua kila mwaka, na akiondoka mmoja, huondoka na kalenda ya ukoo mzima.

Katika ofisi ile karani aliandika haraka, kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu, akageuza karatasi ili wazazi wahakiki kabla haijapigwa muhuri. Baba alitazama akaridhika, akataka kutia sahihi. Mama aliinama juu ya karatasi, mtoto mgongoni, akaweka kidole chini ya jina la pili. Lilikuwa limeandikwa Kambalage.

"Dada," alimwambia karani, "hapa umekosea. Si L, ni R. Ni jina la mvua ya kwao Mara. Tafadhali liandike vizuri."